Dizeli inatoa moshi wa bluu na dipstiki inaruka: pima presha kabla hujakubali kushusha injini

Fundi Dizeli:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikipita humu nakuta swali lilelile kwa sura tofauti. Mwenye Hilux, mwenye Prado, mwenye Hiace, wote wanalia moshi wa bluu, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) inajichomoa yenyewe, oili inachuruzika kwenye sili ya nyuma, na ukifungua mfuniko wa oili injini inapumua kwa nguvu. Gereji nayo ina jibu lake moja: "Ringi zimekufa, lete hela tushushe injini." Huenda ni kweli. Ila zipo sababu nyingine kadhaa zinazoleta dalili hizohizo, na baadhi yake zinatibika bila kugusa pistoni hata moja. Inaniuma kuona mtu ameuza mazao ya msimu mzima kulipia ovaholi, kisha gari linarudi barabarani na moshi wake uleule.

Kwanza tuelewane kinachotokea humo ndani. Dizeli hata ikiwa mpya, gesi kidogo ya mlipuko hupenya pembeni ya ringi, zile pete za pistoni, na kushuka kwenye tumbo la injini, pale krenki inapozungukia juu ya sampu, bakuli la oili. Gesi hiyo lazima itoke. Kwenye magari mengi ya turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) hutokea juu, kwenye kava la tapeti, ule mfuniko wa juu ya injini, kwa mpira unaoingia kwenye bomba la hewa kabla ya turbo, ikavutwa na kuchomwa upya. Gesi ikizidi uwezo wa njia hiyo, au njia yenyewe ikiziba, presha inapanda na kutafuta pa kutokea: dipstiki, sili za krenki, gasketi ya kava.

Sasa sikilizeni habari ya turbo, maana hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea. Oili inaingia kwenye turbo kwa nguvu ya pampu, lakini kutoka inatoka kwa uzito wake tu, kwa bomba pana linaloshuka kwenye sampu. Tumbo la injini likiwa na presha, oili haishuki. Inajaa ndani ya turbo na kupita sili zake, ambazo hazikuundwa kuzuia oili iliyosimama, ikamwagika upande wa eksozi na upande wa hewa. Moshi wa bluu unaanza. Fundi anachomoa bomba la interkula, kile kipoza hewa ya turbo, anakuta oili, anasema turbo imekufa. Unanunua nyingine, baada ya muda mfupi moshi umerudi, na ile ya zamani uliyoitupa ilikuwa nzima. Kwa hiyo yeyote anayetaka kukubadilishia turbo kwa sababu ya oili, mwombe kwanza akuonyeshe presha ya tumbo la injini. Na utando mwembamba wa oili ndani ya bomba la interkula ni kawaida, usikutishe. Kinachotakiwa kukutisha ni oili inayomwagika ukiinamisha bomba.

Rangi ya moshi inasaidia, lakini isikupeleke moja kwa moja kwenye hukumu. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo: filta chafu, bomba la turbo limepasuka, nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda zinamwaga. Mweupe unaowasha macho ni dizeli isiyoungua, hasa asubuhi ya baridi. Mweupe mzito usioisha injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua, hiyo ni hedi au gasketi yake. Bluu ni oili. Kwenye hiyo bluu angalia inakuja saa ngapi. Ikitoka baada ya gari kuunguruma palepale muda mrefu kisha ukakanyaga, tazama turbo na presha. Ikitoka muda wote na inazidi ukiwa na mzigo, ringi zinaingia kwenye orodha. Ikitoka asubuhi tu kisha ikaisha, huenda ni sili za valvu, ila kwenye dizeli sizishuku haraka kama kwenye petroli, kwa sababu upande wa hewa wa dizeli haunyonyi kwa nguvu kama wa petroli.

Mwenye gari lenye dalili hizi aweke hapa aina ya injini na inavyofanya. Tutaenda hatua kwa hatua.

Mkulima wa Makambako:

Shikamoo fundi. Umeniandikia mimi kabisa. Nina Hilux yenye 1KD, ile ya 3.0 D-4D, nimeinunua mkononi mwa mtu. Inakula oili, asubuhi inatoa moshi wa bluu, na nikipanda mlima Kitonga na magunia ya viazi, nikitazama kwenye kioo nyuma sioni barabara. Dipstiki nimeikuta imeruka mara nyingi mpaka sasa naifunga kwa waya. Gereji mbili zote zimesema ringi. Ikiwa ya baridi nasikia pia kama "chu chu chu" upande wa juu, inapungua ikichemka. Nguvu bado ipo na inawaka kwa slefu moja. Nifanyeje?

Fundi Dizeli:

Marahaba mkuu. Hebu toa huo waya kwenye dipstiki. Presha uliyoizuia pale itatokea kwenye sili ya nyuma ya krenki, na kuifikia sili hiyo ni mpaka ushushe gia boksi.

Mambo mawili uliyoandika yananifanya nisikubali haraka habari ya ringi: inawaka kwa slefu moja na nguvu ipo. Dizeli iliyochoka ringi zote huwa inasumbua kuwaka asubuhi, hasa huko kwenu kwenye baridi. Na huo mlio wa "chu chu" unanipeleka kwenye nozeli.

Kwenye 1KD kila nozeli inakaa kwenye hedi juu ya washa ndogo ya shaba. Washa ndiyo inayozuia moto wa silinda usipande juu. Ikichoka, au ikiwa mtu aliwahi kuchomoa nozeli akarudishia washa ya zamani, gesi ya mlipuko inapanda pembeni ya nozeli na kuingia chini ya kava la tapeti. Kutoka hapo inajaza tumbo la injini lote. Ukifungua mfuniko wa oili unaona injini inapumua vilevile kama ya ringi, na huwezi kutofautisha kwa macho. Jambo hili linajulikana sana kwa wenye Prado na Hilux za injini hii, Australia wamelijadili miaka mingi.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua mpira wa levo ya maji, ule mweupe unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi wanautumia. Tafuta mfuniko wa oili wa zamani, utoboe, weka nipo ndogo (kibomba cha kuchomekea mpira), uzibe pembeni yake vizuri. Chomeka mpira hapo, ushushe chini, uukunje kama herufi U kwenye ubao, tia maji mpaka nusu ya U. Acha zaidi ya mita moja ya mpira mtupu kati ya maji na injini, maji yasije yakavutwa ndani. Usichomeke kwenye bomba la dipstiki, kuna injini ambazo bomba hilo linazama kwenye oili na kipimo kitakudanganya. Weka rula pembeni. Tofauti ya kimo kati ya pande mbili za maji ndiyo presha yako. Sentimita 10 za maji ni karibu kPa 1.

Injini nzima, mpira wake wa kupumulia ukiwa mahali pake, itakuonyesha tofauti ndogo sana, pengine maji yatavutwa kidogo kuelekea injini kwa sababu turbo inanyonya. Pima ikiwa imepata moto, kwanza ikiunguruma palepale, kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Andika namba zote mbili.

Baada ya hapo chomoa mpira wa kupumulia kutoka kwenye bomba la hewa uuache wazi, na tundu la bomba uliloliacha lizibe lisivute vumbi. Pima tena. Maji yakirudi sifuri, ugonjwa ni njia ya kupumulia: mpira umeziba, umejikunja, au umelainika mpaka unabanana. Maji yakibaki juu, gesi ni nyingi kweli na inabidi tuitafute inakotoka.

Wa Nakuru:

Mkubwa, mbona kazi yote hiyo? Sisi huku tunafungua kifuniko cha oil, tunakigeuza juu chini tunakiweka juu ya shimo. Kikiruka, rings zimeisha. Mekanika wote hufanya hivyo na nimenunua magari mengi kwa kutumia hiyo njia.

Fundi Dizeli:

Kaka wa Nakuru, njia hiyo inafaa ukiwa unanunua gari barabarani na huna kifaa. Itakuonya kwamba kuna gesi nyingi. Imetoka wapi, haikuambii. Kifuniko kinaruka kwa ringi, kinaruka kwa washa za nozeli, kinaruka kwa pampu ya vakyumu. Kwa kununua, sawa. Kwa kuamua kufungua injini, namba zinahitajika.

Wa Nakuru:

Sawa mkubwa, nimekuelewa. Lakini hapo kwa pampu ya vakyumu umeniacha. Inaingiaje kwa hii story?

Fundi Dizeli:

Petroli inavuta vakyumu (mvuto wa hewa) ya busta ya breki, ile inayolainisha pedali, kwenye manifoldi ya hewa. Dizeli haina mvuto wa kutosha pale, kwa hiyo inapewa pampu yake, na kwenye Toyota nyingi za dizeli utaikuta nyuma ya oltaneta. Pampu inalainishwa na oili ya injini, na hewa inayoinyonya inaitema pamoja na oili hiyo ndani ya injini. Mfumo ukiwa mzima, pampu ikishavuta hewa yote inabaki haina cha kutema. Lakini busta ikitoboka, au kampira fulani ka vakyumu kakipasuka, pampu inanyonya hewa ya nje mfululizo na kuisukuma kwenye tumbo la injini kutwa nzima. Fundi anaona injini inapumua, anashusha, anaweka ringi mpya, inapumua vilevile.

Kuijua ni rahisi. Gari limesimama, umeliwekea mawe, chomoa mpira mkubwa wa vakyumu kwenye pampu, ziba mdomo wa pampu kwa kizibo imara, utazame maji. Yakishuka, ugonjwa umeupata. Usiendeshe gari likiwa hivyo, pedali ya breki itakuwa ngumu na gari litasumbua kusimama.

Dereva wa Tunduma:

Naunga mkono fundi. Sisi wa malori ndugu yake na hiyo ni kompresa ya upepo wa breki. Kompresa ikichoka ringi zake inasukuma upepo kwenye injini, na oili inapanda kwenye matangi ya upepo. Ukifungua tangi chini ukaona oili inatoka na maji, anza na kompresa. Nimeona lori limeshushwa injini pale Mbeya na shida ilikuwa kompresa.

Halafu naomba niongeze la usalama. Mwenye gari la turbo linalotapika oili kwenye bomba la hewa ajue siku moja injini inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe. Unazima switi haizimi, inapanda mlio mpaka inapasuka. Imetokea mbele yangu kwenye maegesho. Watu walikimbia, na hapo kukimbia hakukuwa woga.

Fundi Dizeli:

Asante sana dereva, hilo linatakiwa kujulikana na kila mwenye dizeli. Switi inakata dizeli, oili haikatwi na switi. Kama gari ni la manyuo, kanyaga breki mpaka mwisho, tia gia ya juu kabisa, achia klachi injini ife. Kama ni otomatiki, kinachobaki ni kuinyima hewa: ubao au kitu kigumu bapa kwenye mdomo wa hewa. Mkono usiweke, na kitambaa chepesi kitanyonywa ndani. Ikishapanda sana mzunguko, kaa mbali, vyuma vinaweza kuruka.

Kwa hiyo pia usijaze oili kupita alama ya juu kwa hoja kwamba "inakula". Oili iliyozidi inapigwa na krenki, inakuwa povu, inapanda na gesi kwenye mpira wa kupumulia. Na ukiona kimo cha oili kinapanda bila wewe kuongeza, nusa dipstiki. Ikinuka dizeli, kuna nozeli inavuja au bomba la marejesho ya dizeli linalopita chini ya kava linavuja. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, inaua beringi.

Mkulima wa Makambako:

Fundi, nimepima. Mfuniko wa zamani nimeupata kwa wauza spea za mtumba, mpira wa levo nimeazima kwa fundi anayejenga kwa jirani. Matokeo:

Mpira wa kupumulia ukiwa umefungwa kawaida, ikiunguruma palepale, sentimita 11. Kwenye 2,500 maji yalipanda karibu yamwagike nikaachia. Nilipochomoa mpira wa kupumulia ilishuka hadi 6 na moshi mwingi unatoka kwenye tundu. Pampu ya vakyumu nimeziba, hakuna tofauti, 6 ileile.

Fundi Dizeli:

Safi sana mkuu, kazi nzuri. Kutoka 11 hadi 6 maana yake mpira wako nao umebanana kiasi, utautoa uoshwe au ubadilishwe. Lakini 6 ukiwa wazi ni gesi nyingi kweli, na pampu ya vakyumu imetoka kwenye kesi. Sasa tutafute silinda.

Zima injini. Chomoa plagi ya umeme ya nozeli moja, washa, pima, zima, rudishia, nenda ya pili. Usichomoe injini ikiwa inaunguruma, nozeli hizi zinapelekewa volti nyingi kuliko za betri. Taa ya injini itawaka na injini itatetemeka, hilo tarajia. Na mabomba ya chuma ya dizeli usiyalegeze kabisa injini ikiwa inazunguka: mle presha inaweza kupita bar 1,000, mchirizi wake unapenya ngozi na mtu anaweza kupoteza mkono. Tunagusa plagi za umeme tu.

Silinda isiyolipuka haitoi gesi nyingi. Kwa hiyo maji yakishuka ghafla kwenye nozeli fulani, silinda ndiyo hiyo. Yakishuka kidogokidogo kwa zote nne sawasawa, hapo nitaanza kuwaamini mafundi wako wa ringi.

Mdau wa Prado:

Samahani fundi, kwa nini usimwambie apime kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda) tu moja kwa moja? Si ndiyo kipimo cha ringi?

Fundi Dizeli:

Mkuu, ataipima, ila peke yake itamchanganya. Washa ya nozeli ikivuja kompresheni inashuka, ringi zikichoka inashuka, valvu isipokaa vizuri inashuka. Geji inakupa namba, mahali haionyeshi. Wengine humwaga oili kwenye silinda kuona kama itapanda; kwenye dizeli chumba ni kidogo mno, ukizidisha oili unakunja konrodi, mkono wa pistoni. Mimi napenda upepo wa kompresa. Unatoa hita plagi (ile ya kupasha moto silinda wakati wa kuwasha) ya silinda unayoishuku, unaleta pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, unaingiza upepo kupitia tundu la hita plagi, kisha unasikiliza. Ukisikika kwenye bomba la hewa ni valvu ya kuingiza. Kwenye eksozi, valvu ya kutoa. Mapovu kwenye rejeta, gasketi au hedi. Kwenye tundu la oili, ni ringi au washa ya nozeli.

Hizo mbili za mwisho zinatenganishwa na maji ya sabuni. Kava la tapeti likiwa limetolewa, unamwagia maji ya sabuni kuzunguka nozeli huku upepo ukiwa ndani. Povu likichemka pale, umemaliza. Povu likitulia na upepo unasikika unatokea chini, ni ringi au pistoni. Fundi asimame mbali na feni na mikanda, upepo unaweza kuzungusha krenki.

Mkulima wa Makambako:

Fundi, ni namba 3. Nilipochomoa 1, 2 na 4 maji yalibaki tano na kitu. Ya 3 yakashuka hadi 2, na "chu chu" ikapotea kabisa.

Nimempata kijana mwenye kompresa na anaijua kazi. Tumefungua kava leo. Kuzunguka nozeli ya 3 kuna masizi meusi magumu kama lami, kisu ndiyo kinabandua. Sabuni ilichemka palepale. Nozeli nyingine ni safi kidogo, ila ya 2 ina weusi nao unaanza. Kijana anasema tubadilishe washa ya 3, tufunge, nipeleke mzigo Mbeya kesho, mambo mengine yatafuata. Unasemaje?

Fundi Dizeli:

Mzigo wa kesho mpe mtu mwingine mkuu, nakuomba.

Ile lami haikubaki kwenye nozeli tu. Imekuwa ikichanganyika na oili muda wote huo, vipande vyake vinashuka kwenye sampu na kukaa kwenye chujio la pampu ya oili, kale kawavu kalikozama chini kabisa. Kakiziba kidogo unaona taa ya oili inachelewa kuzima asubuhi. Kakiziba zaidi, beringi zinakauka ukiwa katikati ya mlima na mzigo, na hapo ringi zitakuwa jambo dogo. Injini nyingi za aina hii zimekufa kwa chujio, washa ilikuwa mwanzo tu. Sampu ishuke, chujio litolewe lioshwe au liwe jipya, kabla injini haijawashwa tena.

Washa badilisha zote nne, za shaba, mpya, na sili za mpira za juu ya nozeli pia. Ya shaba inabonyea mara moja tu, hairudiwi. Kikalio chake ndani ya hedi kisafishwe mpaka chuma king'ae, tundu likiwa limezibwa masizi yasidondoke kwenye silinda. Chembe moja ikibaki chini ya washa, mtarudi palepale. Boliti za kubana nozeli zifungwe kwa spana ya torki kwa namba ya kitabu cha injini, kijana asifunge kwa mkono wa mazoea. Kila nozeli irudi kwenye silinda yake, zina namba zake kwenye kompyuta. Baadaye akipata mashine ya kusoma atazame masahihisho ya kila nozeli (dizeli ambayo kompyuta inaiongezea au kuipunguzia) ikiunguruma palepale. Inayopita 3 juu au chini ya sifuri ipelekwe ikapimwe.

Oili karibu lita 7 na filta yake mpya. Endesha kwa muda mfupi, mwaga tena na filta tena, maana itatoka nyeusi na vipande. Mabomba ya interkula toa oili yote iliyomo, la sivyo utaendelea kuona bluu siku kadhaa na utadhani kazi imeshindikana. Mpira wa kupumulia usisahau.

Kisha rudisha ule mfuniko wenye mpira wa levo, upime upya kwenye 2,500. Namba ikiwa bado kubwa, piga upepo silinda zote nne tena. Ikiwa imetulia na turbo bado inatoa bluu, ndipo tuizungumzie turbo.

Mdau wa Prado:

Fundi, na mimi ambaye sina dalili zozote, 1KD yangu nifungue kuangalia?

Fundi Dizeli:

Kufungua hakuna haja. Pima presha sasa hivi ikiwa nzima, andika namba kwenye kitabu cha servisi, na uwe unarudia kila ukibadilisha oili. Filta ya hewa usiipulize kwa upepo wa kompresa mpaka ikapasuka karatasi, vumbi la barabara zetu likipita hapo linakula silinda na ringi kweli. Na siku ukisikia "chu chu" asubuhi, usisubiri dipstiki iruke.

Mkulima wa Makambako:

Nimekusikia fundi. Mzigo nimempa mdogo wangu mwenye Canter. Sampu tunaishusha kesho asubuhi, picha ya chujio nitaiweka hapa.